Sauti ya Siti katika Kinywa cha Kidude

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake kwenda Bombay kutia sauti katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Zamani hizo taarabu ya majumba ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliipa ulimi wa Kiswahili, na santuri ikaufikisha ulimi huo mahali ambapo miguu yake haikufika.

Azisikilizaye sahani hizo leo hana budi kusamehe mengi. Upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi, na wimbo uliozoea kunyooshwa barazani ulilazimika kukoma sindano ilipokoma. Udi na fidla husikika kana kwamba vinapigwa nyuma ya ukuta. Lakini sauti ya mwimbaji hupenya. Nakiri kwamba naupenda hata mkwaruzo wake, na wanaousafisha kwa mitambo ya siku hizi sijawashukuru bado.

Siti alifariki mwaka 1950. Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, alijifunza nyimbo zake tangu utotoni kwa kumsikiliza, akaziimba hadi uzee wake mkuu. Alifariki mwaka 2013. Wako wamhukumuo kwa kumlinganisha na sahani: hapa kapunguza ubeti, pale kageuza mahadhi. Hukumu hiyo naiona dhaifu, kwa maana sahani ni kazi ya siku moja tu, na wimbo uliomo ndani yake ulikwisha punguzwa tangu hapo.

Tuutazame wimbo wa Kijiti. Husimulia habari za mwanamke mgeni, mja mzito, aliyeuawa Unguja. Mwuaji akatorokea bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliofuatana na marehemu. Siti na wenzake waliuimba mbele ya watu walioijua kesi ile, na kwa watu hao ulikuwa shutuma juu ya korti. Kidude aliurithi, akauimba mbele ya wageni wasioijua kesi wala lugha. Katika koo lake kavu, lililozoea ngoma za unyago, korti hurudi nyuma na maombolezo ya aliyeuawa hutangulia. Sidhani kwamba Siti angeukana wimbo huo. Naye Kijiti, aliyeikwepa hukumu, bado anatajwa kwa jina kila unapoimbwa.