Ukumbusho: Historia ya Neno na ya Vitu vya Kukumbushia Mahali, kutoka Katanga hadi Kivu

1. Utangulizi

Desturi ya kukusanya vikombe, sahani na mapambo madogo yenye jina au alama ya mji huhesabiwa kwa kawaida kuwa jambo la wasafiri wa Ulaya na Marekani. Mfano ulio wazi ni kiwanda cha William Henry Goss, kilichoanzishwa mwaka 1858 katika eneo la Stoke-on-Trent, Uingereza. Kuanzia miaka ya 1880 kiwanda hicho kilitengeneza vyombo vidogo vya kauri vilivyochorwa nembo za miji. Kila mji ulikuwa na wakala wake, naye aliuza vyombo vyenye nembo ya mji ule tu. Hivyo mkusanyaji alilazimika kusafiri ili kuvipata. Mwaka 1904 wakusanyaji hao waliunda chama chao. Kwao, chombo kilikuwa ushahidi wa safari: kilitangaza kwamba mwenyewe alifika mahali fulani, kisha akarudi kwake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba desturi iliyo karibu na hiyo ipo pia katika Kongo ya wasemaji wa Kiswahili, lakini imefuata njia nyingine. Hapa kitu chenye alama ya mahali hakikutengenezwa kwanza kwa ajili ya mpita njia, bali kwa ajili ya mwenyeji. Aidha, thamani yake haikutegemea umbo peke yake. Ilitegemea pia maneno yaliyosemwa mbele yake. Mahali pa kuanzia ni neno lenyewe linalotumiwa kutaja vitu hivyo: ukumbusho.

2. Neno

Katika lugha ya Kifaransa, ambayo wakazi wa Bukavu na wa Lubumbashi huitumia sambamba na Kiswahili, kitu cha namna hii huitwa « souvenir ». Neno hilo latokana na kitenzi ambacho mtendaji wake ni mtu anayekumbuka. Kiswahili hakikufuata mkondo huo. Kutoka kitenzi -kumbuka hupatikana -kumbusha, yaani kumfanya mwingine akumbuke. Na kutoka -kumbusha hupatikana nomino ukumbusho, kama vile uamsho unavyotokana na -amsha. Kwa hiyo ukumbusho si kumbukumbu iliyomo kichwani mwa mtu. Ni tendo, au kitu, cha kumrudishia mtu jambo ambalo pengine angelisahau.

Tofauti hii si ya sarufi tu. Kauli ya kusababisha hudai pande mbili: kinachokumbusha na anayekumbushwa. Mbele ya ukumbusho huulizwa maswali mawili: chakumbusha nini, na chamkumbusha nani?

3. Msalaba wa shaba

Kitu kilicho mashuhuri kuliko vyote kwa kuwakilisha mkoa katika Kongo ni msalaba wa shaba wa Katanga, ambao Wabelgiji waliuita « croisette ». Umbo lake la mikono minne halina uhusiano na dini ya Kikristo. Uchimbuzi uliofanywa Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwishoni mwa miaka ya 1950, ulionyesha kwamba misalaba hiyo iliwekwa makaburini karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Utafiti uliofuata wa Pierre de Maret ulieleza jinsi matumizi yake yalivyobadilika: misalaba mikubwa ya awali ilikuwa kitu cha heshima; baadaye ikawa midogo, yenye vipimo vinavyokaribiana, nayo ikatumika kama fedha.

Katika karne ya 20 kazi hiyo ya fedha ilikoma. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba mjini Elisabethville mwaka 1911, na mafundi wa kienyeji wakanyang'anywa nafasi yao. Lakini msalaba haukutoweka. Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, misalaba mitatu iliwekwa katika bendera. Mwaka 1961 umbo hilo hilo lilipigwa katika sarafu za faranga 1 na faranga 5. Kujitenga kulikomeshwa Januari 1963, na msalaba ukabaki kuwa pambo la nyumba na alama ya mkoa.

Hivyo kitu kimoja kimekuwa heshima ya marehemu, fedha, nembo ya dola na pambo. Majina ya mahali nayo yalibadilika: Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966, na jina la Katanga likaachiwa nafasi na lile la Shaba mwanzoni mwa miaka ya 1970, hadi liliporudishwa mwaka 1997. Ndiyo sababu msalaba ulioning'inizwa ukutani huwakumbusha watu tofauti mambo yaliyo tofauti. Mmoja huona ufundi wa mababu; mwingine huona vita vya kujitenga na watu waliouawa au kufukuzwa. Umbo peke yake halitoi jibu.

4. Picha za chumba cha wageni

Kati ya miaka ya 1960 na ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi na wa miji mingine ya migodi walichora picha nyingi, mara nyingi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na kuziuza kwa wafanyakazi na makarani waliozitundika katika vyumba vya wageni. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza, waligundua kwamba wenyeji walizipanga picha hizo chini ya neno ukumbusho. Zilihusu mambo ya mababu, mambo ya wakati wa ukoloni na mambo ya wakati wa sasa. Miongoni mwake mlikuwa na ile iliyojulikana kama « Colonie Belge », inayoonyesha mfungwa akichapwa fimbo mbele ya msimamizi wa Kizungu.

Mnunuzi wa picha hiyo hakuwa mgeni anayetaka kuthibitisha kwamba alifika Lubumbashi. Alikuwa mkaaji wa Lubumbashi. Picha ilimngoja mgeni wake aketi na kuitazama, ndipo mazungumzo yakaanza. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyejiona kuwa mwanahistoria, alimwuzia Fabian mwaka 1973 na 1974 picha zaidi ya mia moja zinazosimulia historia ya nchi. Picha hizo zilihamia Amsterdam. Hata hivyo maelezo ya mchoraji, yaliyotolewa kwa Kiswahili cha Katanga pamoja na Kifaransa, yalirekodiwa, na kitabu kilichotoka mwaka 1996 kiliziweka picha na maneno pamoja. Kitu kiliondoka, lakini sauti yake haikupotea.

5. Kivu: vitu vilivyoondoka bila maneno

Katika Kivu ya Kusini bahati ilikuwa tofauti. Kama vile msalaba ulivyofanywa alama ya Katanga, ndivyo kinyago cha Walega, wa Mwenga na Shabunda, kilivyofanywa mbele ya wageni alama ya Kivu: uso mdogo wa mti uliopakwa udongo mweupe, wenye ndevu za nyuzi. Lakini kwa wenyewe kinyago hicho, lukwakongo, hakikuwa pambo. Kilikuwa mali ya chama cha Bwami, pamoja na sanamu za pembe za ndovu walizomiliki watu wa cheo cha juu kabisa, kindi. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba vitu hivyo vilifundishia kwa methali na kwa ngoma. Kitu kimoja kiliweza kubeba mafunzo mbalimbali kulingana na methali iliyoambatana nacho. Kwa maneno mengine, vilikuwa ukumbusho kwa maana iliyo kamili.

Serikali ya Kibelgiji iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Vitu vingi viliingia mikononi mwa wakusanyaji, na leo vimo katika majumba ya makumbusho na nyumba za watu binafsi za Ulaya na Marekani. Pale alipokuwapo mtafiti, methali ziliandikwa. Pale alipokuwapo mnunuzi tu, kimebaki kibandiko chenye jina la kabila na aina ya mti. Kitu hicho hakimkumbushi mtu neno lolote, kinatazamwa tu.

6. Hitimisho

Suala hili si la Walega peke yao. Mji wa Bukavu wenyewe uliitwa Costermansville tangu mwaka 1927 hadi miaka ya 1950, na kadi za posta za wakati ule bado zina jina hilo ambalo vijana hawalitumii. Nguba, rasi ya makazi iliyo kando ya ziwa na ya njia ya kwenda mpaka wa Ruzizi, imeona watu wakihama na kuhamia katika vita vya tangu mwaka 1996. Na Juni 2004, mji ulipotekwa, nyumba nyingi za Bukavu ziliporwa. Katika mji wa namna hiyo, sahani yenye picha ya ziwa au kinyago kilichosalia kabatini si kitu kidogo. Lakini kikiporwa, au mwenyewe akifa kabla hajaulizwa, kinachopotea kwanza ni maneno.

Kwa hiyo kazi inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kabla ya kuwahusu wenye majumba ya makumbusho. Anayeorodhesha vitu vya nyumba za Nguba asiandike umbo, kipimo na mahali kilipotoka tu. Na aandike pia, kwa Kiswahili kile kile cha mwenye nyumba, majibu ya maswali mawili ambayo neno ukumbusho linayadai: kitu hiki chakumbusha nini, na chamkumbusha nani?