Gala si ghala

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba watoto wameenda gala, naye atauliza wamefuata gunia gani. Sikio la Pwani husikia ghala. Kitale, mji wa mahindi, utata unazidi: maghala yapo kweli, na wengi wa bara hutamka gh kama g.

Gala ni siku ya mashindano ya kuogelea ya shule. Neno limetujia kupitia Kiingereza cha Uingereza, na maana yake ya asili ni sherehe. Waaustralia husema "carnival", Wamarekani "meet". Kitale na Bungoma, kama kwingineko Kenya, ni gala.

Watoto hugawanywa kwa umri, na mara nyingi kwa "nyumba" za shule, kila moja na rangi yake. Mitindo ni minne: huria, chali, kifua na kipepeo. Katika bwawa la mita 25, mbio za mita 50 ni kwenda na kurudi. Kupokezana, wanne kwa kila timu, ndiko kunakowapandisha wazazi juu ya viti. Kipepeo ndicho kilichompa Mkenya Jason Dunford dhahabu ya mita 50 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi, 2010.

Lakini gala ni ya mwenye bwawa, na shule nyingi za umma hazina. Mto Nzoia hauulizi karo. Unashuka kutoka Cherang'ani, unapita Trans Nzoia na Webuye hadi Ziwa Victoria, na watoto wanaoteka maji humo hawajawahi kufundishwa kuelea. Sisi wa Pwani tusicheke: bahari tunayo mlangoni, na wengi wetu pia hatujui kuogelea. Shirika la Afya Duniani hukadiria watu 300,000 hufa maji kila mwaka.

Kwa hiyo naona gala ina kasoro moja: humtuza anayefika kwanza, haimtuzi anayeokoa. Ningeongeza shindano la tano, la kumtupia anayezama kamba au mtungi mtupu wa plastiki bila kumrukia majini. Na shule yenye bwawa iwaalike jirani wasio nalo, hata kwa asubuhi moja ya Jumamosi. Hapo neno litakuwa limestahili maana yake ya sherehe.