Jino Lenye Kitundu Kidogo

Wiki hii nazungumzia jino. Si lile linalomkesha mtu usiku kucha, bali lile lenye kitundu kidogo cheusi ambacho mwenyewe anakipuuza.

Mimi nilikipuuza changu. Nilikuwa na miaka 12, na tundu kwenye gego langu la chini halikuzidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Mama akanipa karafuu, maumivu yakatulia, tukasahau. Mwaka uliofuata nikafikishwa hospitali, na tiba ikawa moja tu: koleo. Mashine ya kutobolea meno ilikuwapo, imefunikwa shuka, inangoja kipuri.

Mashine hiyo ina historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani G. V. Black wa Chicago alifundisha kwamba tundu lipanuliwe mpaka kwenye jino zima, ili uozo usirudi. Alikuwa na sababu: mchanganyiko wa zebaki na fedha haushikani na jino, hivyo ni lazima uchimbiwe mahali pa kujibana. Mwaka 1957 ikaja keekee ya kuendeshwa kwa hewa, yenye kasi ya ajabu. Kuchimba kukawa rahisi, rahisi mno kwa maoni yangu. Lakini keekee hiyo yataka umeme, maji safi, pampu ya hewa na fundi. Kijijini utavipata wapi vyote kwa pamoja?

Swali hilo lilipata jibu hapa hapa kwetu, na ni wachache wanaolijua. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walijaribu kutibu bila keekee. Kwa kipatasi cha mkono unapanua mlango wa tundu. Kwa kijiko kidogo chenye makali unakwangua uozo laini, ule uliokwisha kufa, na mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Sehemu ngumu unaiacha. Kisha unaziba kwa sementi na kuikandamiza kwa kidole.

Sementi iliyoufaa mtindo huu zaidi ni glasi ayonoma, iliyobuniwa London na Wilson na Kent na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hushikana na jino lenyewe, tena huachia floridi kidogo kidogo. Majaribio yakafanyika Thailand kuanzia 1991, halafu Zimbabwe. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaunadi mtindo huo.

Wapo walioubeza kuwa ni tiba ya maskini. Kweli una mipaka: tundu la juu ya gego huzibika vizuri, lakini lile la katikati ya meno mawili mara nyingi huachia. Hata hivyo, mwaka 2021 sementi hiyo iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo.

Mwanangu wa mwisho alizibwa gego kwa njia hii. Nilisimama pembeni nikihesabu vifaa kwenye sinia. Vilienea kwenye kiganja kimoja. Hakulia. Alichonuna ni kuambiwa asile kitu kwa saa nzima, na mfukoni alikuwa na karanga.