Gari la Spoti la Mtumba katika Meru na Embu

Fasili na mipaka

Gari la spoti ni gari dogo la abiria ambalo muundo wake umetanguliza raha ya dereva kabla ya nafasi ya mizigo. Hutambuliwa kwa alama nne zinazokwenda pamoja: injini yenye nguvu nyingi ikilinganishwa na uzito wa gari, tumbo lililo karibu na ardhi, usukani unaoitika upesi, na breki zisizolegea zikikanyagwa mara nyingi mfululizo. Lenye alama moja au mbili kati ya hizo ni gari la kawaida lililopambwa. Ekzosi pana, rimu za rangi na kibandiko chenye herufi nyekundu havimo katika orodha.

Gari la mtumba ni lile lililokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ng'ambo au nchini Kenya. Gari la wikendi, kwa upande wake, ni daraja la matumizi wala si aina ya muundo: ni gari ambalo likikataa kuwaka Jumatatu asubuhi, hakuna mtoto anayechelewa shule wala gunia linalobaki shambani. Linadai kuwepo kwa gari jingine, ambalo katika kaunti za Meru na Embu mara nyingi huwa Probox au pikapu. Anayenunua gari la spoti liwe gari lake la pekee yuko nje ya makala haya, na pengine nje ya busara.

Lipo kundi moja linalochanganywa na gari la spoti na linalostahili kutengwa mapema. Miraa ya Igembe na Tigania hushuka thamani kadiri inavyonyauka, kwa hiyo pikapu na Probox huteremka nayo kutoka Maua kwenda Nairobi kwa mwendo unaojulikana na kuogopwa njia nzima. Vivyo hivyo muguka wa Mbeere, upande wa Embu. Hayo ni magari ya mizigo yanayokimbizwa. Haraka yake inatoka sokoni, ilhali chesisi, breki na springi zake zilibuniwa kwa kubeba. Ni kweli kwamba desturi hiyo imezoesha macho ya watu wa huku kuona gari likienda kasi, na baadhi ya fedha zinazonunua magari ya spoti hutoka katika biashara hiyohiyo. Nyingine hutoka kwenye kahawa, maziwa na bonasi ya majani chai.

Aina

Aina ya kwanza, na iliyoenea kuliko zote, ni saluni yenye turbo inayosukumwa na magurudumu yote manne. Wawakilishi wake ni Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution, ambayo yote mawili yalianza kuuzwa mwaka 1992. Lancer Evolution ilikoma mwaka 2016 baada ya matoleo kumi, Subaru imeendelea. Heshima ya aina hii nchini Kenya ina chanzo kinachojulikana. Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka 1953, ilitwaliwa na Colin McRae akiwa na Impreza mwaka 1997, kisha Richard Burns akiwa na gari la jina hilohilo mwaka 2000, na Mkenya Patrick Njiru aliendesha Subaru katika mashindano hayo miaka ya 1990. Ndugu wa karibu wa aina hii ni Forester na Legacy zenye turbo. Forester huleta utata wa kiuainishaji, kwa sababu tumbo lake limeinuka. Hapa linahesabiwa kuwa la spoti kwa injini na si kwa umbo.

Aina ya pili ni saluni inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Toyota Altezza, iliyoundwa kati ya mwaka 1998 na 2005, ni ya aina hii bila ubishi. Toyota Mark X, iliyoanza mwaka 2004 na kukoma 2019, ni ya mpakani: ina injini ya silinda sita na haraka ya kutosha, lakini uzito wake unakaribia tani moja na nusu na springi zake ni laini. Ni gari la starehe lenye miguu myepesi, na wanaoliita la spoti wanalipandisha cheo.

Aina ya tatu ni gari la viti viwili, mengine yakiwa na paa la kufunguka. Humu wamo Mazda MX-5, inayojulikana Japani kwa jina la Roadster, Honda S2000, Nissan Fairlady Z, BMW Z4, Audi TT ya paa la kufunguka na Mercedes-Benz SLK. Mazda RX-8 ina viti vinne na vijilango vya nyuma vinavyofunguka kinyume, lakini kwa tabia ni ya kundi hili. Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili zenye pembe tatu, kila moja ikizunguka ndani ya chumba chake, na hula oili kidogo kwa makusudi ili kulainisha ncha za rota. Mmiliki asiyelijua hilo huiua injini akidhani anaitunza.

Aina ya nne ni gari dogo lenye mlango wa nyuma. Mzee wa aina hii ni Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976. Kijana wake ni Suzuki Swift Sport, ambayo toleo la mwaka 2017 lina uzito wa chini ya tani moja na injini ya lita 1.4 yenye turbo.

Asili ya gari na kodi

Kwa asili, magari haya hugawanyika mafungu mawili ambayo soko huyachanganya mno: yanayoweza kuagizwa leo na yaliyokwisha kuingia. Kiwango cha shirika la viwango la Kenya, KEBS, kiitwacho KS 1515, hakiruhusu gari lililovuka miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Kutokana na kanuni hii moja, Altezza, RX-8, S2000 na Lancer Evolution haziagizwi tena. Zilizopo ndizo zilizopo, na kila moja inayogongwa hupunguza idadi. Broka anayeahidi kuleta Evolution kutoka Japani anauza hadithi. Katika fungu la kwanza hubaki Swift Sport, Golf GTI, Roadster ya kizazi cha nne, Toyota 86, na Subaru za WRX za miaka ya karibuni.

Kodi ya kuagiza hupandiana tabaka juu ya tabaka. Mamlaka ya Mapato, KRA, huanzia kwenye orodha yake ya bei za rejareja za magari mapya na kupunguza kulingana na umri. Bei halisi ya mnada wa Japani haihesabiwi. Juu ya thamani hiyo huwekwa ushuru wa forodha, ambao mwaka 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, pamoja na ada ndogondogo. Ushuru wa bidhaa ndio unaotenganisha gari na gari: asilimia 20 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, asilimia 25 kwa inayozidi hapo, na asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi 3,000. Mpaka wa 1,500 una faida isiyotangazwa sana. Roadster ya paa la kitambaa iuzwayo Japani tangu mwaka 2015 ina injini ya lita 1.5, na Swift Sport iko chini zaidi. Zote mbili huingia katika daraja la chini kabisa kati ya hayo matatu.

Sehemu za gari na mlima

Injini ndiyo sehemu inayoathiriwa zaidi na mahali. Mji wa Embu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,350, mji wa Meru zaidi ya mita 1,500, na barabara ya kwenda Nanyuki kupitia Timau huvuka mita 2,000. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa inayovutwa ni nyepesi. Nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi ya Japani kwa hiyo hazifiki Meru zote. Turbo hukandamiza hewa kabla ya kuiingiza kwenye silinda na kufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo, ingawa yenyewe hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi. Hii ndiyo sababu ya kifundi inayoipa aina ya kwanza ukuu katika kaunti hizi, na ina uzito kuliko sifa za rali.

Petroli ni suala jingine. WRX STI, toleo kali zaidi la WRX, na magari mengine mengi ya nguvu ya Japani yalirekebishwa kiwandani kwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye okteni 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya vituo vya Embu na Meru iko chini ya hapo. Injini ikipewa petroli dhaifu huku ikisukumwa kwa turbo hugonga ndani, na kugonga huko huvunja kingo za pistoni. Tiba ni kurekebisha upya kompyuta ya injini ili ipunguze msukumo, kazi inayofanywa na fundi mwenye vifaa na si na kila gereji yenye boneti wazi.

Injini ya Subaru ya familia ya EJ hulaza silinda zake pande mbili zikitazamana. Mngurumo wake unaopendwa hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Baadhi ya STI za Japani za miaka ya 2000 zilisawazishiwa mabomba hayo na sauti ikapotea, nguvu zikabaki. Wapo wanunuzi wanaolikataa gari bora kwa sababu halingurumi. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na usipobadilishwa ukakatika, valvu hupigwa na pistoni.

Springi na kimo huamua gari litaishi wapi. Tumbo la Roadster liko kiasi cha sentimita 14 kutoka ardhini. La Forester huwa kiasi cha 20 au zaidi. Matuta ya barabarani katika vituo vya biashara hayakujengwa kwa kumfikiria mwenye Roadster, na njia ya udongo mwekundu iendayo nyumbani haimfikirii pia, hasa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zinapoikata mifereji.

Barabara

Lami ya kutoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru huambaa ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya na kuvuka mito mingi iteremkayo kutoka mlimani, miongoni mwake Thuci na Nithi. Kila mto huleta mteremko, kona, daraja na mpando. Kwa gari la spoti huo ni utajiri. Kwa dereva asiye na breki nzuri ni hatari tupu. Daraja la Nithi, katika kaunti ya Tharaka Nithi, lina historia mbaya: tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Njia ya Meru kwenda Nanyuki ni ya sura nyingine, yenye upeo mpana wa mashamba ya ngano na ukungu wa asubuhi.

Sheria huweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara. Gari la spoti la kisasa hufikia ukomo huo likiwa katika gia ya kwanza au ya pili. Kasi kamili ina mahali pake, nako ni mashindano yenye kibali kwenye barabara iliyofungwa, kama yale ya KiambuRing huko Tigoni. Kinachobaki kwa wikendi ya kawaida ni kona, sauti, gia za mkono na safari za pamoja za wamiliki.

Ukaguzi na hati

Ukaguzi wa gari lililoagizwa huanzia kwenye karatasi ya mnada ya Japani. Alama ya 4 au zaidi humaanisha hali nzuri. Herufi R humaanisha kwamba liligongwa likatengenezwa. Kwa gari lililokwisha kutumika nchini karatasi hiyo mara nyingi haipo, na mita ya kilomita haiaminiki, kwa kuwa kuirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Herufi za namba ya usajili husema gari lilisajiliwa Kenya lini, na hazisemi liliundwa lini. Ushahidi wa kuaminika zaidi ni kipimo cha mgandamizo katika kila silinda, moshi wa kwanza injini ikiwa baridi, maji ya rejeta yasiyo na mafuta, na mistari ya kuchomelea chini ya zulia la buti. RX-8 hudai kipimo chake maalumu, na fundi wa rota hutafutwa Nairobi; spea za Subaru, kinyume chake, hupatikana Meru na Embu kwenyewe, na zikikosekana huagizwa kutoka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi.

Umiliki huhamishwa kwa mfumo wa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen: muuzaji huanzisha, mnunuzi hukubali. Gari ambalo kitabu chake cha umiliki kina jina la benki au la mkopeshaji halijawa mali kamili ya anayeliuza, na fedha hazipaswi kutoka kabla jina hilo halijaondolewa. Bima ya lazima hulipia madhara kwa watu wengine tu. Bima kubwa hudai tathmini, na kampuni nyingi husita gari likishazeeka.

Kwa jumla ya sifa hizi, gari linalofaa zaidi kwa mwenye boma juu ya njia ya udongo ni Forester yenye turbo, na kwa anayeishi kando ya lami ni WRX ambayo injini yake haijaongezewa nguvu. Roadster ya lita 1.5 ndiyo nyepesi kwa kodi na nzuri kuliko zote kwenye kona, lakini inahitaji gereji yenye mlango na njia ya lami hadi mlangoni. RX-8 iachiwe anayeishi karibu na fundi wake.