Bomba Lisilopitisha Maji

Orodha ya vifaa ilikuja kwa WhatsApp saa tatu usiku, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: bomba za inchi 4, bomba za inchi 2, kona, tee, gundi, choo cha kukaa. Chini kabisa fundi alikuwa ameongeza: "bomba 2 za hewa". Nilikuwa Dar es Salaam, mshahara umebaki kidogo, na nyumba ya bibi kule Igamba ilikuwa imeshakula fedha kuliko tulivyopanga. Nikampigia fundi kumuuliza hizo za hewa zinapitisha nini.

"Hazipitishi kitu, bosi. Ni hewa tu."

Nikamwambia azitoe.

Miezi minne baadaye bibi alivunjika mkono, na ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Choo cha zamani cha bibi kiko nyuma ya nyumba, ukipita migomba na mstari wa mwisho wa kahawa. Shimo la kwanza lilichimbwa na babu mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilirusha vipindi, watu wakakusanyika katika vikundi kusikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kufyeka nyasi na kuchimba vyoo. Inakadiriwa watu wapatao milioni 2 nchi nzima walishiriki. Bibi huwa anasema babu alichimba kwa hasira, kwa sababu kikundi kilikuwa kimemtaja mbele ya watu kuwa hana choo.

Nyumba mpya ilipoisha tulimhamishia bibi chumba chenye choo cha ndani. Tulijiona tumefanya jambo kubwa. Wiki ya pili akanipigia simu.

"Mjukuu wangu, choo chenu kinaongea."

Nikacheka. Alikuwa na maana kwamba kila choo kikivutwa, tundu la bafuni linatoa mlio kama chupa inayojazwa maji. Baada ya mlio ikaja harufu. Akaziba tundu kwa kitambaa, akafungua dirisha, lakini baridi ya Mbozi mwezi wa sita haivumiliki usiku. Mwisho akaamua kimyakimya kurudi kwenye choo chake cha nje. Mvua zilipoanza, usiku mmoja aliteleza kwenye udongo mwekundu karibu na migomba. Alikaa pale mpaka jirani aliposikia akiita.

Ndipo nikaanza kusoma juu ya mabomba.

Nilianza na ile kona iliyopinda ambayo mafundi wetu huiita trepu. Mwaka 1775, fundi saa mmoja wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi London, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda mfano wa herufi S. Maji kidogo hubaki kwenye pindo, na hayo ndiyo mlango: uchafu unapita, hewa chafu hairudi. Kina chake kwa kawaida ni kama milimita 50, upana wa vidole vitatu. Usalama wa nyumba nzima unategemea maji hayo.

Shida ni kwamba maji hayo yana adui. Choo kikivutwa, maji yanashuka bombani kama bastola ya pampu: yanasukuma hewa iliyo mbele na kunyonya iliyo nyuma. Kama hakuna njia nyingine ya hewa kuingia, mvuto huo hunyonya maji ya trepu iliyo karibu. Mlio aliousikia bibi ulikuwa hewa ikijipenyeza kwa nguvu kwenye trepu ya bafu. Bomba la hewa, linalotokeza juu ya paa, huipa hewa mlango wake ili isivunje ule wa maji.

Watu walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1871 Edward, mrithi wa kiti cha ufalme cha Uingereza, aliugua taifodi karibu kufa baada ya kuwa mgeni katika nyumba ya Londesborough Lodge, Scarborough. Mgeni mwenzake, Earl wa Chesterfield, alikufa. Lawama ziliangukia hewa ya mabomba. Leo tunajua taifodi huingia kwa maji na chakula, lakini hofu ile iliwafanya watu wayatazame mabomba ya nyumba zao kwa jicho jipya.

Kisha nikakutana na suala la upana. Mafundi wetu wana kanuni fupi: choo inchi 4, bafu inchi 2, sinki inchi moja na nusu. Nilidhani bomba pana zaidi ni salama zaidi. Sivyo. Likiwa pana mno, maji yanasambaa, yanakosa kina, yanaacha uchafu njiani. Likiwa jembamba mno, maji yanalijaza lote na kunyonya kila trepu. Mwaka 1940 Mmarekani Roy Hunter alichapisha hesabu iliyokuja kutumika sehemu nyingi duniani: kila chombo alikipa namba ya uzito wake, kisha akakokotoa uwezekano wa vyombo kutumika kwa pamoja, maana watu wa jengo zima hawavuti choo kwa dakika moja.

Na jambo hili halijaisha. Mwaka 2003, zaidi ya wakazi 300 wa majengo ya Amoy Gardens, Hong Kong, waliambukizwa SARS. Uchunguzi ulielekeza kwenye trepu za sakafu zilizokauka, ambazo feni za bafuni zilivuta kupitia kwake matone yenye virusi kutoka bombani.

Lakini kilichoniaibisha zaidi kilikuwa nyuma ya nyumba yetu wenyewe. Choo cha bibi cha nje kina bomba jeusi lenye wavu juu, aliloliweka babu miaka ya baadaye kwa ushauri wa bwana afya. Muundo huo ulibuniwa miaka ya 1970 na Peter Morgan katika Maabara ya Blair, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni, na nzi wanaofuata mwanga hunaswa na wavu. Babu, aliyechimba kwa hasira, alinunua bomba lisilopitisha kitu. Mimi mwenye shahada nililifuta.

Desemba nilikwenda Igamba na bomba 2 nilizonunua Vwawa. Fundi alizifunga kwa nusu siku, hakunisema neno. Jioni nilivuta choo. Bibi alisimama mlangoni, mkono uliopona ameuegemeza ukutani, akasikiliza.

"Kimenyamaza," akasema, akaingia, akafunga mlango.