Aliyeshindwa Alipe: PS za vibandani, kompyuta za ex-UK na mzigo wa kubadilisha mashine

Vijana wa Ulaya na Marekani wamebishana kwa zaidi ya miaka 30: gemu ichezwe kwa kompyuta au kwa konsoli? Wa konsoli husema nunua PlayStation, ichomeke kwenye TV, kisha sahau habari za mashine kwa miaka saba. Wa kompyuta hujibu kwamba yao ina nguvu zaidi, halafu hunyamaza wakihesabu pesa za kadi mpya ya picha, RAM mpya na prosesa mpya. Katika ubishi huo kila mtu anakubali jambo moja, kwamba mzigo wa kubadilisha mashine ni wa mwenye kompyuta.

Ufikishe ubishi huo wadi ya Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika, upande wa kuelekea Munyu na maporomoko ya Fourteen Falls, nao utageuka juu chini. Huku aliyeumia ni mwenye PS. Kompyuta ndiyo iliyovumilia, ikirekebishwa kipande kwa kipande. Sababu ni namna zilivyoingia: PS iliingia kama biashara, kompyuta ikaingia kama mtumba.

Kabla ya PS palikuwa na mashine za kaseti. Nintendo ilitoa Famicom nchini Japani mwaka 1983, na viwanda vya Asia vikaiga haraka. Kenya ya miaka ya 1990 ilipokea hizo za kuiga. Kaseti iliahidi michezo 9999, ukiihesabu unakuta Mario, Contra, vita vya vifaru na mingine michache, ikirudiwarudiwa kwa majina mengine. Zilichezwa katika nyumba yenye TV na umeme, na nyumba hizo vijijini zilikuwa za kuhesabika. Ni jambo la kuchekesha kidogo, kwa kuwa mtambo wa umeme wa Ndula, kwenye mto Thika, ulijengwa miaka ya 1920. Umeme ulizalishwa jirani, lakini hadi mwaka 2015 ada ya kuunganishiwa ilikuwa shilingi 35,000. Ndipo serikali ikaishusha hadi 15,000 kupitia mpango wa Last Mile.

Sony ilizindua PlayStation ya kwanza Japani tarehe 3 Desemba 1994, na PS2 Machi 2000. Nchini Marekani PS2 ilianza kuuzwa kwa dola 299. Kwa dola ya wakati huo, iliyokuwa ikicheza karibu na shilingi 78, hizo ni kama shilingi 23,000 kabla ya nauli, ushuru na faida ya muuzaji. Kwa kibarua wa viwanda vya Thika ilikuwa mishahara ya miezi kadhaa. Mzazi gani angetoa pesa hizo ili mtoto acheze?

Kwa hiyo PS haikununuliwa na baba kwa ajili ya mwanawe. Ilinunuliwa na mtu aliyepiga hesabu. Alihitaji kibanda cha mabati, TV ya mgongo ya mtumba, benchi mbili na PS2 moja. Vibanda vingine vilikuwa kumbi za video tangu zamani. Mchana vijana walicheza PS, jioni zikaonyeshwa filamu zilizosimuliwa na DJ Afro, na wikendi ikawa zamu ya Ligi Kuu ya Uingereza. Makongeni, Kiganjo, Ruiru, Juja, na polepole hadi vituo vidogo vya barabara ya Garissa, sura ilikuwa ileile.

Malipo yalikuwa kwa mechi, shilingi kumi, baadaye ishirini. Na sheria ilikuwa moja: aliyeshindwa alipe. Aliyeshinda alibaki kwenye benchi akimsubiri mpinzani mwingine. Ukiitazama kwa haraka utadhani sheria hiyo ilimpunja mwenye kibanda, maana fundi wa kweli aliweza kucheza siku nzima bila kutoa senti. Lakini mwenye kibanda hakujali nani analipa, mradi padi isilale. Bingwa wa bure ndiye aliyewaleta wengine, kila mmoja akiwa na hakika kwamba leo ni siku yake ya kumtoa. Machifu na walimu waliwafuata humo watoto waliotoroka shule, na wazazi wengi wa wakati ule bado wanavichukia vibanda hivyo.

PS2 nyingi zilikuwa zimetiwa chipu ili zisome diski za kunakili, kwa kuwa diski halisi haikuwa kitu cha kununuliwa kibandani. Vumbi liliua lenzi. Fundi aliilegeza, akaisafisha, akairudisha, hadi ikakataa kabisa. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 2000, ikaja programu iitwayo Free McBoot, inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu na kuiwezesha mashine kusoma gemu kutoka flashi au diski ngumu. Lenzi mbovu haikuwa kifo tena. PS2 ilikuwa imekuwa mashine isiyozeeka, na kwa muda mfupi mwenye kibanda alikuwa na haki ya kujiona mjanja kuliko Sony.

Kilichomshinda ni kandanda. Mwanzoni mwa mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba Sony imeacha kuitengeneza PS2, na mwaka huohuo zikatoka gemu za FIFA 14 na PES 2014, za mwisho kwa mashine hiyo. Ilikuwa bado inawaka bila tatizo, lakini Gareth Bale alikuwa amehamia Real Madrid na mteja alitaka kumwona akiwa na jezi nyeupe, naye angeitaka pia orodha ya msimu utakaofuata, na wa baada yake. Wajanja waliendelea kubadilisha majina ya wachezaji ndani ya gemu za zamani, ila kibanda cha jirani kilipoleta PS3, mabenchi yalihama.

PS3 nayo ilipata FIFA hadi toleo la 19, mwaka 2018. Ilikuwa na nafuu yake. Ilifunguliwa kwa programu, ikacheza gemu za kunakili, na ilikubali nyaya za TV za zamani. PS4 haikukubali. Sehemu yake ya kutolea picha ni HDMI pekee, na TV ya mgongo haina tundu hilo. Hapo mwenye kibanda alibadilisha mashine, TV, padi na diski, vyote kwa mkupuo mmoja. Diski sasa ilikuwa halisi, na gemu mpya kubwa ziliuzwa kwa dola 60 ng'ambo. Kila mwaka, kwa kawaida Septemba, ikatoka nyingine. Tangu mwaka 2023 jina limekuwa EA Sports FC badala ya FIFA, lakini Septemba ni ileile. Hapa ndipo ahadi ya konsoli, ya kununua mara moja na kupumzika, inapokosa maana. Inamfaa anayecheza nyumbani kwake, anayeweza kuridhika na gemu ya miaka mitatu iliyopita. Anayeuza mechi hana anasa hiyo.

Tuje kwenye kompyuta. Huko duniani mbio zake zilikuwa za kutisha. Doom ya Desemba 1993 iliridhika na prosesa ya 386 na RAM ya megabaiti 4. Quake ya 1996 ikadai Pentium, na mwaka huohuo kampuni ya 3dfx ikatoa kadi ya Voodoo iliyofanya kila mashine isiyo nayo ionekane kuukuu. Nvidia ikaja na GeForce 256 mwaka 1999. Mwaka 2004 tundu lenyewe la kadi likaanza kubadilika kutoka AGP kuwa PCI Express, na aliyetaka kadi mpya akalazimika kununua pia ubao mpya. Mchezaji wa California alilipia kila hatua.

Mbio hizo zilitufikia zikiwa zimepoa. Ofisi na shule za Uingereza hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache, na zile zinazotolewa hupakiwa kwenye makontena. Kuanzia mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kuzikarabati kwa ajili ya shule. Wafanyabiashara walizileta kwa ajili ya kila mtu, nazo zikajaa Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi kwa jina la ex-UK: Dell OptiPlex, HP Compaq, nyeusi au kijivu, na kibandiko cha idara fulani kikiwa bado ubavuni. Kijana wa Gatuanyaga alipanda gari la 237 kutoka Thika, akarudi na mashine magotini.

Serikali nayo ilichangia bila kukusudia. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza Januari 2005, uliipa kompyuta ushuru wa asilimia sifuri, kwa kuwa ni chombo cha kazi na elimu. Iko sura ya 84 ya orodha ya forodha, pamoja na mitambo. PlayStation iko sura ya 95, na wanasesere na mipira, katika fungu la bidhaa zilizokamilika linalotozwa asilimia 25. Kompyuta iliwekewa kodi ya VAT ya asilimia 16 kwa sheria ya mwaka 2013, lakini ile tofauti ya ushuru ikabaki. Afisa wa forodha hakuwa na njia ya kujua kwamba mashine nyingi za elimu zingeishia kukimbiza magari ya polisi katika San Andreas.

Maana hiyo ndiyo gemu iliyoikuta ex-UK ikiwa tayari. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka kwa PS2 Oktoba 2004 na kwa kompyuta Juni 2005. Iliomba Pentium III ya gigahazi 1 na RAM ya megabaiti 256, vitu ambavyo Pentium 4 nyingi za ofisini zilikuwa navyo. Tatizo lilikuwa picha, kwa kuwa mashine za ofisi hazikuwekewa kadi yake. Ulishusha kila kitu hadi chini kabisa, barabara za Los Santos zikapoteza vivuli, na mchezo ukaenda.

Aliyetaka zaidi alikutana na kikwazo ambacho mafundi wa Thika wanakijua kwa kichwa. OptiPlex ile nyembamba ina pawa saplai ndogo, ya umbo lake yenyewe, isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la PCI Express hutoa hadi wati 75, basi. Kadi kubwa haitawaka hata ukiinunua. Ndiyo maana GTX 750 Ti ya mwaka 2014, inayotumia wati 60, na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, inayoishia kwenye 75 zilezile, zimetafutwa sana na wenye mashine hizi, hasa zile fupi zinazoenea kwenye kasha jembamba. Nvidia iliziuza kama kadi za bei ya chini. Kwa mwenye ex-UK ndizo zilizokuwa kilele.

Na zilitosha. GTA V ilipofika kwenye kompyuta Aprili 2015, kiwango chake cha chini kilikuwa Core 2 Quad Q6600, prosesa ya mwaka 2007, na RAM ya gigabaiti 4. Kazi ngumu ilikuwa kuipata gemu yenyewe. Gigabaiti 65 hazipakuliwi kwa bando la simu, hivyo zilisafiri kwenye diski ya nje kutoka kwa rafiki hadi rafiki. Mashine ilikua kama baiskeli ya Black Mamba, leo tairi, mwezi ujao mnyororo, fremu ileile. Pesa zilipokosekana ilisubiri, na huku ikisubiri iliandika barua za kuomba kazi. PS haiandiki barua.

Kompyuta ilifanya pia jambo ambalo PS haingeweza. Mwaka 2007 Wesley Kirinya, Mkenya, alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya picha za pande tatu aliyoitengeneza kwa ajili ya kompyuta. Miaka miwili baadaye alianzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Kwa haki, PS nayo ina fahari yake. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya XiT Gaming mwaka 2018 kwa umahiri wake katika Tekken, na akawa mwanamke wa kwanza Mkenya kusajiliwa na timu ya nje katika michezo hii.

Ukifungua PS4 leo unakuta prosesa ya AMD ya jamii ileile ya kompyuta. Mipaka imebaki kwenye maduka ya mtandaoni, na huko Kenya haina mlango. Mtandao wa PlayStation haumruhusu mtu kujisajili kama mkazi wa Kenya, kwa hiyo vijana wetu wana akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kompyuta nao wafungue akaunti hizo, na gemu ikaondolewa sokoni katika zaidi ya nchi na maeneo 170 yasiyohudumiwa. Kelele zilipozidi, Sony ilifuta sharti hilo baada ya siku chache.

Bei nazo zimekwenda kinyume cha desturi. Konsoli zilizoea kushuka kadiri zinavyozeeka. PS5 ilianza kwa dola 499 Novemba 2020, na Agosti 2025 ikapandishwa Marekani hadi 549. Katikati ya safari hiyo shilingi ilianguka, dola ikagusa 160 Januari 2024 kabla ya kurudi karibu na 129.

Upande wa kompyuta, Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Mamilioni ya mashine za ofisi, nzima kabisa, zimepoteza kazi Ulaya kwa sababu ya sharti la programu. Njia ya mashine hizo inajulikana. Nyingi zitakuja huku kwa bei nzuri, zitachezewa miaka kadhaa, na zisipopata wa kuzikarabati zitaishia mahali kama Kang'oki, jaa la Thika. Mwaka 2024 Kenya ilitunga kanuni zinazomwajibisha mzalishaji na mwagizaji kwa taka za bidhaa zake, lakini zamu ya kulipa kwa kawaida humfikia aliye mwisho wa foleni.

PS4 bado haijafukuzwa. FC 26 ya Septemba 2025 ilitoka kwa mashine hiyo pia, karibu miaka 12 tangu izinduliwe, na vibanda vimepumua. Ila Grand Theft Auto VI, iliyotangaziwa Novemba 2026, ni ya PS5 na Xbox Series tu. Ya kompyuta haijatangazwa. San Andreas iliwachelewesha wenye kompyuta zaidi ya miezi saba, GTA V ikawachelewesha miezi 19, na wenye OptiPlex za Gatuanyaga wameshaanza kubishana kuhusu prosesa gani ya mtumba itakayoiweza itakapofika.