Titresheni: Jinsi Vitamini C ya Mboga Inavyopimwa

Titresheni ni njia ya kupima kiasi cha kemikali iliyomo katika mmumunyo kwa kuudondoshea mmumunyo wa pili ambao ukolezi wake unajulikana kwa hakika. Matone huendelea kuingia hadi kemikali inayopimwa iishe, kisha ujazo uliotumika hufanyiwa hesabu. Asili ya jina ni neno la Kifaransa *titre*, lililotaja kiwango cha dhahabu au fedha halisi katika mchanganyiko wa metali. Kiswahili kimelipokea jina hilo kwa matamshi ya Kiingereza, na maana yake hufafanuliwa vizuri kwa kusema “upimaji kwa kudondosha”. Mmumunyo unaojulikana huitwa mmumunyo sanifu; kinachobadilika rangi kuonyesha mwisho ni kiashiria; na pale rangi inapobadilika na kubaki ndipo penye kikomo.

Wanafunzi wa Kenya huifahamu titresheni katika mtihani wa vitendo wa Kemia wa kumaliza sekondari, KCSE, ambako mara nyingi asidi hupimwa kwa besi. Kwa vitamini C, kinachotumiwa si uchachu wake bali wepesi wake wa kutoa elektroni. Vitamini hii, yaani asidi askobiki, ndiyo inayokinga kiseyeye. Albert Szent-Györgyi aliitenga mwaka 1928, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Ikikutana na iodini, molekuli moja ya vitamini huipa molekuli moja ya iodini elektroni mbili, na iodini hupoteza rangi yake.

Mfano mzuri ni sukuma wiki ya Tetu, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Nyandarua nchini Kenya, ambako mboga hii hulimwa karibu na nyumba. Gramu 10 za majani mabichi husagwa papo hapo ndani ya asidi metafosforiki iliyozimuliwa, ili vitamini isiharibiwe na hewa. Rojo huchujwa, na mchujo huongezewa maji hadi kufika mililita 100. Pipeti huchukua mililita 20 na kuzitia katika chupa ya koniki pamoja na matone machache ya wanga. Iodini ya ukolezi wa molari 0.001 hudondoshwa kutoka kwenye bureti huku chupa ikizungushwa. Mwanzoni kila tone huacha doa la buluu linalofifia mara moja. Kadiri vitamini inavyopungua, doa huchelewa kutoweka. Likienea chupa nzima na kubaki, bureti hufungwa na kusomwa.

Uzito wa moli moja ya asidi askobiki ni gramu 176, hivyo kila mililita ya iodini hiyo hulingana na miligramu 0.176 za vitamini. Ikiwa zimetumika mililita 10, zile mililita 20 zina miligramu 1.76, na mchujo wote una miligramu 8.8. Kwa kuwa majani yalikuwa gramu 10, jibu ni miligramu 88 kwa kila gramu 100. Kipimo hurudiwa mpaka masomo ya bureti yakaribiane, kisha wastani hutolewa.

Badala ya iodini, maabara nyingi hutumia rangi ya DCPIP. Ni ya buluu, hugeuka waridi katika asidi, na vitamini C huiondolea rangi kabisa; kikomo ni waridi hafifu inayodumu kwa sekunde chache. Kwa mboga za kijani, uchujaji lazima uwe makini, kwani mabaki ya majani huficha waridi hiyo. Aidha, njia hizi mbili hupima kila kitu kinachotoa elektroni kwa wepesi, na hazioni ile sehemu ya vitamini iliyokwisha kuoksidishwa, ingawa mwili bado unaweza kuitumia.

Kwa sababu hiyo, namba inayopatikana hutegemea sana yaliyoipata mboga kabla ya kufika kwenye bureti. Sukuma wiki ikikatwakatwa nyembamba sokoni na kukaa mfukoni hadi jioni, seli zilizopasuka huachia vimeng'enya vinavyoharibu vitamini. Sufuria ya shaba huharakisha uharibifu huo. Ikichemshwa, sehemu ya vitamini huyeyukia majini; maji hayo yakimwagwa, vitamini huenda nayo, na hata maji hayo yanaweza kupimwa kwa titresheni.

Kukausha huleta suala jingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mji wa Karatina nchini Kenya ulikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi. Mboga ikikaushwa, joto na hewa hupunguza vitamini C, lakini maji nayo huondoka, na gramu 100 kavu hutokana na mboga mbichi nyingi zaidi. Ulinganisho wa haki hufanywa kwa kutoa uzito wa maji katika pande zote mbili.

Matokeo kamili ya titresheni kwa hiyo hutaja mambo manne pamoja na namba yenyewe: aina ya mboga, hali yake ilipopimwa, muda uliopita tangu ichumwe, na mmumunyo sanifu uliotumika. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, na ni kwa maelezo hayo manne ndipo sahani ya mboga inapoweza kulinganishwa na kiwango hicho.